Miaka Sita Kwenye Kaunti ya Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa saa nzima nje ya geti. Ilikuwa Randburg, kaskazini mwa Johannesburg, mwezi wa kumi na moja mwaka 2008, nami nilikuwa nimevaa suti yangu ya pekee, ile niliyokuja nayo kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Mlinzi alinipa daftari niandike jina na namba ya simu. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule ambao masista walinicharazia vidole mpaka nikaujua. Mlinzi akalinganisha na orodha aliyopewa kutoka ghorofani, akatikisa kichwa. Namba ile haikuwemo.

Nilimwambia aangalie tena. Akaangalia tena, akaniangalia na mimi, kwa jicho ambalo mgeni yeyote wa mji huu analijua. Mwishowe akateremka Msimamizi wa Zamu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, mzaliwa wa Soweto. Jina lake Nomsa, na sisi wote tulimwita Mama Nomsa. Akaweka kidole kwenye daftari.

"Eish, baba. Hizi ni moja au ni saba?"

"Ni moja, mama. Saba huwa na mstari katikati."

"Nani kakwambia?"

"Shule."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani, akanifungulia geti. Nami nilipanda ngazi nikijisemea moyoni kwamba watu wa hapa hawakufundishwa kuandika. Ninyi vijana mnaosoma haya, likumbukeni hilo geti, kwa maana mimi nililisahau, na nikaja kulipia.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Ofisi yetu ilipokea makaratasi ya zamani kutoka Marekani, yamepigwa picha, na kazi yetu ilikuwa kuyageuza yawe namba ndani ya kompyuta. Makaratasi hayo yalikuwa matokeo ya uchaguzi wa kaunti moja tu. Kaunti ni kama wilaya, ina mji wake mkuu, mashamba yake na karani wake wa uchaguzi. Jina lake silitaji, kwa sababu tuliweka sahihi ya kutunza siri, na sahihi yangu bado naiheshimu. Ofisini tuliiita Kaunti ya Mizani. Kuna kaunti za Marekani ambazo mshindi wake anajulikana kabla hata karatasi hazijachapwa. Hii yetu haikuwa hivyo. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne ilikuwa inaegemea mara huku, mara kule, na aliyeshinda alishinda kwa kura chache ambazo wapigaji wake ungeweza kuwakusanya uwanjani ukawahesabu kwa macho. Ndiyo maana Profesa mmoja wa huko, mama ambaye tulimjua kwa sauti ya simu tu, alitaka historia yake yote, kituo kwa kituo, uchaguzi kwa uchaguzi.

Mtu huuliza, kwa nini kazi ya Wamarekani ifanywe Johannesburg, tena na wakimbizi? Jibu ni mwandiko. Mashine za wakati ule zilisoma maandishi ya chapa vizuri, lakini mwandiko wa mkono ziliusoma kama mlevi. Alihitajika binadamu. Mimi kwa miaka kumi na nne nilikuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya mtaa kule Uvira. Nilisoma mwandiko wa padri, wa askari, wa mganga na wa karani aliyelewa mchana. Watu kama mimi tulikuwa wengi Johannesburg, tukiuza soksi na kulinda magari. Mtu aliyetugundua alikuwa Mkuu wa Mradi, mzungu mzaliwa wa Pretoria, mrefu, mkavu, asiyeinua sauti. Siku ile ya kwanza alitukusanya akasema maneno mawili tu: "Silipwi kwa hadithi. Nalipwa kwa namba." Halafu akarudi ofisini kwake.

Alitupanga meza kwa meza kulingana na lugha, ili tusaidiane. Waliosoma kwa Kiingereza, yaani wenyeji na Wazimbabwe, meza ya dirishani. Sisi Wakongo na Warundi, tuliosoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili, meza ya karibu na mlango. Wao walituita meza ya Swahili. Tulikuwa kumi na wawili, na tulijivuna, maana kasi yetu haikuwa na mfano.

Njia ya kazi iliitwa kuingiza mara mbili. Karatasi moja huingizwa na makarani wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana. Kisha mashine inalinganisha. Wakikubaliana, namba inapita. Wakitofautiana, karatasi inakwenda kwa mtu anayeitwa msuluhishi, naye anafungua picha, anatazama, anaamua. Ni njia nzuri sana. Karani mmoja anaweza kusinzia, lakini wawili kusinzia mahali pamoja ni nadra. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyoamini.

Pembeni yangu alikaa Furaha, Mrundi wa Bujumbura, mama wa watoto wawili, ambaye kabla ya hapo alikuwa anasuka nywele mjini. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kazi ndogondogo na viliruka juu ya vitufe bila yeye kutazama. Aliniita Papa, kama desturi yetu, na mimi nilimwita binti yangu. Chakula cha mchana tulikula pamoja, ugali na maharage ndani ya kopo la siagi, huku akinieleza mambo ya pemiti yake ya ukimbizi, ambayo kila baada ya miezi michache alilazimika kwenda kupanga foleni ili iongezwe muda. Bila barua ya mwajiri, foleni ile ilikuwa ngumu mara mbili.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naingiza namba tu. Mwaka wa pili nilianza kuwaona watu. Hilo hutokea kwa kila karani mzuri, na asiyelifikia bado hajawa karani. Profesa alikuwa ametutumia pia takwimu za sensa, yaani nani anaishi wapi, ana umri gani, anafanya kazi gani, alitoka wapi. Ukiweka sensa upande mmoja na kura upande wa pili, kaunti inaanza kukusimulia habari zake.

Kulikuwa na uwanda wa juu, mashamba ya mahindi, wazee wengi, vijana wachache, na kura zao zilikwenda kwa chama chenye rangi nyekundu mwaka baada ya mwaka. Kando ya mto kulikuwa na mji wa viwanda, wenye vyama vya wafanyakazi, na hao walikuwa watu wa buluu, rangi ya chama kile kingine. Viwanda vilipofungwa kimoja kimoja, buluu ya mtoni ikaanza kupauka. Katikati, kando ya barabara kuu, kulikuwa na nyumba mpya zilizofanana zote, za watu wenye madeni ya benki na magari mawili, ambao hawakumjua jirani. Hao ndio walioamua mshindi. Mimi niliwaelewa kabisa siku nilipokwenda Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, mara ya kwanza nikaziona nyumba zile zile, ukuta ule ule, geti lile lile.

Na kulikuwa na watu wa kiwanda cha nyama, waliohamia kutoka Meksiko. Kwenye sensa walikuwa wanaongezeka kila safari. Kwenye kura hawakuonekana. Nilidhani ni kosa, nikamuuliza Mama Nomsa, naye akampigia Profesa. Jibu likaja kwamba wale bado si raia, wanahesabiwa lakini hawapigi kura. Sikuuliza tena. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, Rosettenville, mtaa ninaokaa hapa Johannesburg, imenihesabu na Uvira imenifuta.

Lakini mahali nilipopapenda ni kituo kimoja kando ya mto ambacho tulikiita Matofali. Hapo zamani palikuwa na kiwanda cha kufyatua matofali, na waliokaa hapo walikuwa watu weusi, waliohama kutoka kusini mwa nchi yao kutafuta kazi, kama sisi. Kituo kilikuwa kidogo. Lakini katika kaunti ya mizani kituo kidogo si kidogo, na mara kadhaa nilikuta kwamba kama Matofali wangelala usingizi siku ya kura, kaunti nzima ingeangukia upande wa pili.

Mwaka 2010 nikapandishwa kuwa msuluhishi. Mama Nomsa alinikabidhi dawati lililo peke yake, lenye skrini mbili, akasema, "Sasa baba, wewe ndiye hakimu. Usivimbe kichwa." Nikavimba. Nilinunua hata kalamu mpya, ingawa kazi yote ilikuwa ya kompyuta.

Msuluhishi alikuwa na kazi ya pili, iliyoitwa mapitio ya mfululizo. Mashine inapanga matokeo ya kituo kimoja kwa miaka yote, na pale namba inaporuka ghafla inawasha alama ya njano. Msuluhishi anafungua picha kuhakikisha, kisha anaandika maelezo mafupi. Basi alama ya njano ikawaka kwa Matofali. Ilikuwa katika miaka ya sitini, miaka ya moto kwa watu weusi wa kule. Katika uchaguzi mmoja, kura za buluu za Matofali zilikuwa zimeporomoka mpaka pakabaki watu wachache wa kuhesabika. Kabla ya hapo na baada ya hapo, walijaa.

Nilifungua picha. Namba ilianza na moja. Furaha na mwenzake wa meza yetu walikuwa wameingiza moja, wote wawili, na mashine ilikuwa imekubali. Nami nikaiona moja.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mimi nimetoka mahali ambapo kura za mtaa zikiporomoka, hakuna haja ya kuuliza kwa nini. Mtu alipita na gari siku mbili kabla, akawatisha watu. Nimeyaona kwa macho yangu, na mtaa wetu kule Uvira ulikuwa mmojawapo. Basi sikusita. Niliandika kwenye maelezo, kwa Kiingereza changu cha ofisini, kwamba wakazi wa Matofali inaelekea walitishwa na hawakutoka kwenda kupiga kura. Niliandika kwa uchungu wa kweli, machozi yananilenga, nikabonyeza kitufe.

Wiki iliyofuata Profesa alipiga simu kunipongeza. Mkuu wa Mradi aliniita nisikilize. "Hili ni jambo kubwa," ile sauti ikasema, "hakuna aliyewahi kuliandika." Alikuwa anataka kulijengea sura nzima ya kitabu chake. Nilirudi mezani kwangu nikitembea kwa miguu ya waziri.

Mwaka 2011 ofisi ikahamia Midrand, kwenye jengo la vioo lenye bustani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Safari yangu kutoka Rosettenville iliongezeka maradufu, lakini sikulalamika. Mzigo mpya wa makaratasi ukaja, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kuwa nacho kwa miaka ile ya sitini: karatasi za majumuisho. Majumuisho ni ukurasa wa mwisho, ambapo karani wa kaunti hujumlisha vituo vyote na kupata jumla moja. Ukurasa huo ulikuwa umehifadhiwa jengo lingine, ndiyo sababu ulichelewa.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha jumla yetu na jumla yao. Uchaguzi wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, ule wa Matofali kuporomoka, jumla yetu ilipungua. Nikatafuta ilipopungua, kituo kwa kituo, nikitumia karatasi za kata zilizokuja na mzigo ule, zenye hesabu ya kila kituo. Kituo kimoja kilipungukiwa na sita. Kingine sitini. Kingine tena sita. Na Matofali ilipungukiwa na mia sita.

Mtu aliyekaa na vitabu vya hesabu anajua kwamba makosa ya bahati mbaya hayana adabu, kila moja huja na sura yake. Haya yalikuwa na sura moja. Sita, sitini, mia sita. Nilijiuliza ni tarakimu gani mbili zinazopishana kwa sita, na kabla sijamaliza kujiuliza nilimwona yule mlinzi wa Randburg na daftari lake.

Nilifungua picha ya Matofali nikaikuza mpaka ikajaza skrini zote mbili. Karani aliyeandika karatasi zile alikuwa na haraka, na saba yake ilikuwa nyembamba, yenye kichwa kifupi, bila mstari katikati. Kwa mtu aliyesoma kwa masista wa Kifaransa, ile ni moja, tena moja nzuri. Furaha alisoma moja. Mwenzake alisoma moja. Mimi hakimu nilisoma moja. Kumi na wawili wote wa meza ya mlangoni wangeisoma moja mpaka kesho, na mashine ingeendelea kutupongeza kwa kukubaliana.

Kwa hiyo Matofali hawakutishwa. Walitoka. Katika mwaka ule mgumu walitoka wakajaa, na waliowafuta ni sisi, na aliyewaandikia cheti cha hofu ni mimi. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyoondoka nyumbani. Siku ile angalau nilikuwa mtendewa.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Furaha. Nilimwita nje, kwenye ngazi za maegesho ya magari, nikamweleza. Alisikiliza mikono ikiwa kichwani.

"Papa, ulishamwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi ibaki hapa. Tafazali. Iko makaratasi ya zamani ya karani mmoja, nani ataangalia? Wakisikia, watasema hawa Wakongo na Warundi hata namba hawajui kusoma. Watatufukuza sisi wote kumi na wawili. Mimi niko na watoto, pemiti inaisha mwezi wa sita, na barua ya kazi nitatoa wapi?"

"Binti yangu, wale watu walipiga kura."

"Walishakufa, Papa! Sisi tuko hai!"

Alikuwa amesema kweli, na mimi niliyekuwa nazeeka bila mtoto wa kulisha ndani ya nyumba nilikuwa na urahisi wa kuwa mwema kuliko yeye. Nilimwomba siku tatu. Siku hizo tatu sikukaa bure. Nilipekua karatasi zote za yule karani mwenye haraka nikaziorodhesha, na kila saba yenye mashaka niliipima kwa majumuisho. Nilichukua pia karatasi mbili nikawapa watu wawili wa meza ya dirishani, bila kuwaambia sababu. Walisoma saba mara moja, wakashangaa kwa nini nawauliza.

Siku ya nne nikapiga moyo konde nikabisha kwa Mkuu wa Mradi. Mama Nomsa alikuwa ndani naye, wakipitia ratiba ya zamu.

"Bwana Mkuu, nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Nimewanyima watu kura zao."

Nikaweka orodha mezani, nikaeleza yote. Hakunikatiza. Alipomaliza kusoma aliuliza swali ambalo Furaha alikuwa analiogopa.

"Nani aliingiza hizi?"

"Majina yamo kwenye mashine, bwana, sitakuzuia kuyaangalia. Lakini mapitio yalikuwa yangu, na maelezo niliyaandika mimi. Ukitaka kufukuza, anza na mimi. Halafu kabla hujaendelea, niruhusu niseme jambo moja."

"Sema."

"Kuingiza mara mbili kunafaa ikiwa wale wawili ni watu wawili. Wewe ulitupanga kwa lugha. Uliweka jozi ya watu wa shule moja, macho yao ni mamoja. Mmoja akikosea, mwenzake anakosea hapo hapo."

"Nilidhani mngeelewana vizuri," Mkuu akasema.

"Tulielewana kupita kiasi, bwana."

Mama Nomsa akaziba mdomo. Alikuwa amelikumbuka daftari la getini, niliona usoni mwake. "Mimi pia nilijua," akasema polepole. "Siku ya kwanza. Nilicheka tu."

Mkuu alimwandikia Profesa siku ile ile, nasi tukangoja jibu kwa siku tano. Furaha alihamisha kopo lake la chakula akawa anakula na wengine, na aliponipita aliangalia ukuta. Sikumlaumu, lakini iliniuma, na sitajitia hamnazo.

Jibu lilipofika, Mkuu alitukusanya sote kama siku ile ya kwanza. Profesa alikuwa ameandika kwamba kurasa zake za hofu amezitupa, na kwamba anapendelea kutupa kurasa kuliko kutupa watu. Alitaka karatasi zote za miaka ile zirudiwe. Kwa hiyo kazi haikupungua, iliongezeka. Hakufukuzwa mtu. Meza zikavunjwa, na tangu hapo kila jozi ikawa na aliyesoma kwa Kiingereza na aliyesoma kwa Kifaransa. Ukurasa mmoja ukaongezwa kwenye mwongozo wa kazi, wenye picha za saba za kila aina na moja za kila aina. Mimi niliuchora kwa mkono wangu.

Adhabu yangu nilipewa pia. Nilivuliwa usuluhishi, nikarudi kuwa karani wa kuingiza kwa miezi minane, nikiwa na kijana wa Kizimbabwe kama mwenzi wa jozi ambaye alikuwa na kasi mara mbili yangu na hakuacha kunikumbusha. Nasema kweli, miezi ile minane naiona kuwa kilele cha kazi yangu. Nilirudia mwenyewe karatasi ya Matofali. Nilibonyeza saba, nikakaa nikiitazama.

Furaha alirudi siku moja mchana, akaweka kopo lake mbele yangu bila salamu. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wa kukaanga, wa Ziwa Tanganyika, wale ambao Johannesburg utawatafuta kutwa nzima. "Pemiti wameongeza," akasema. "Kula, Papa, kabla sijakasirika tena."

Mwisho wa mwaka 2012 Wamarekani walipiga kura tena, na safari hii matokeo yalikuja yakiwa yamechapwa. Nikayatazama kama mtu anayesoma barua za nyumbani. Uwanda wa juu, nyekundu. Nyumba za barabara kuu zilikuwa zimegawanyika, na kaunti iliamuliwa kwa unyoya. Kwenye orodha ya wapigakura kulikuwa na majina ya Kihispania ambayo miaka minne nyuma hayakuwepo. Watoto wa wale watu wa kiwanda cha nyama walikuwa wamezaliwa kule, wakakua, wakafika umri. Nilimwita Mama Nomsa aje aone, nikamwonyesha kidole kwenye skrini, na yeye akasema tu, "Sharp, baba. Sharp," yaani safi kabisa, kwa lugha ya mitaa ya Soweto. Wakati huo nilikuwa nimerudishiwa dawati langu.

Mwaka uliofuata Profesa akaja mwenyewe Midrand. Nilitarajia mama mrefu, kumbe ni mfupi kuliko Furaha, na begi lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alishika mkono wa kila mtu. Aliponifikia alisema kuna habari ameileta kwa ajili yangu. Alikuwa amekwenda na namba zetu mpaka Matofali, kwenye ukumbi wa kanisa, akawasomea wazee wachache waliobaki. Alipofika mwaka ule, bibi mmoja akamsimamisha na kumwomba arudie. Akarudia. Yule bibi akasema kwamba siku ile alikuwa mjamzito, alisimama kwenye foleni mvua ikimnyea, na tangu hapo amewasikia watu wa mjini wakisema Matofali hawakujishughulisha. Aliuliza ni nani aliyeitafuta namba hiyo.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nilimwambia mzee mmoja Johannesburg."

Nilitoka nje nikasimama kando ya ile bustani isiyokaliwa. Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Nilistaafu mwezi wa nne mwaka 2014. Mkuu alinipa mkono na saa ya ukutani, akasema kuwa nilikuwa karani pekee aliyewahi kumwambia amepanga meza vibaya. Dawati langu la skrini mbili alilichukua Furaha. Nilimwachia kalamu yangu, ile mpya ya tangu 2010, ambayo ilikuwa haijawahi kuandika kitu.

Vijana huniuliza kama sikuona ajabu kuitumikia kura ya watu wengine, mimi nisiye na kura popote. Niliona ajabu, ndiyo. Lakini kura si wakati wa kuitumbukiza tu. Baada ya hapo lazima mtu aihesabu, mwingine aiandike, na mwingine, pengine baada ya miaka hamsini, aisome vizuri. Hapo mwisho ndipo palipokuwa pangu, na nilipatumikia kwa heshima, pamoja na kosa langu.

Wiki chache baada ya kustaafu, wenyeji wa hapa walipiga kura yao. Mwenye nyumba wangu pale Rosettenville ni mjane wa Kireno ambaye miguu inamsumbua, basi nilimsindikiza mpaka shule iliyo karibu, nikamshikia mkoba, nikabaki nje ya geti. Kesho yake asubuhi nilipita tena nikienda kununua mkate. Mabinti wawili wenye fulana za kazi walikuwa wanakunja meza. Mlangoni walikuwa wamebandika karatasi ya matokeo ya kituo, kama sheria ya hapa inavyotaka, imejazwa kwa mkono.

Nilivaa miwani nikaisoma yote, mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa tatu nikasimama.

"Mwanangu, hii ni moja au saba?"

Binti mmoja akaja akachungulia. "Ni saba, baba. Si inaonekana? Kila mtu anajua."

"Si kila mtu," nikamwambia. "Siku nyingine iwekee mstari."